Kutengeneza vyetu siyo kusamehe deni
Maneno tuliyosema ku mukutano wa mwezi wa vijana wa kartie, Goma

Tunaona wengine wamesimama nje chini ya mabati. Musogee ndani, kuko bado nafasi ku benchi ile ya nyuma, lakini muikale polepole juu mguu wake moja tuliufunga na kamba ya mupira jana tu.

Hiyo benchi njo inatuingiza ndani ya mazungumzo ya leo.

Wakati tulitangaza kwamba tutazungumza juu ya kuishi na kidogo, kutengeneza vitu na kutotupa, wengine walituchekelea. Walisema: mutu wa Goma munataka kumufundisha nini juu ya kutengeneza? Njo ukweli. Hatukuja kufundisha. Hapa kila mutu ni fundi wa kitu fulani, na mwenye hana ufundi iko na jirani mwenye anao. Tulikuja kuuliza swali lingine: huu ufundi wetu unatusaidia sisi, ao unasaidia wale wenye wanapaswa kutufanyia kazi na hawaifanye?

Tuanze na sifa kwanza, juu sifa ni haki yetu.

Mutazame chukudu. Ni mbao za mukaratusi, magurudumu ya mbao yenye kuzungushiwa kipande cha mupira wa gari uliokwisha, na sehemu ya kupigia goti. Hakuna injini, hakuna petroli. Inashuka na mifuko ya viazi, makabichi, makala, mbao, vitu vya mamia ya kilo, na mwenye kuisukuma ni kijana moja. Ikivunjika, inatengenezwa pale pale kando ya barabara na panga, nyundo na misumari. Munajua vizuri sanamu yake ya rangi ya zahabu pale Rond-point Chukudu. Ni miji michache duniani yenye ilijenga sanamu ya kyombo cha masikini. Kwingine wanajenga sanamu ya jenerali ku farasi.

Mutazame na mawe chini ya miguu yetu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilishusha moto, ukakata muji katikati, ukafunika kipande cha uwanja wa ndege, ukafika mpaka ndani ya ziwa. Watu walirudi mawe yangali na joto. Walifanya nini? Walijenga juu yake. Ile lava iliyokula nyumba njo leo ni musingi wa nyumba, ni ukuta wa lupango, ni kokoto ya barabara. Kuna vijana wenye wanapasua ile mawe na nyundo tangu asubuhi mpaka jioni, na jasho lao njo limejenga nusu ya hizi kartie. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ikarudi tena, ikakula nyumba upande wa Buhene, mabomba ya maji yakaharibika, na kwa mara nyingine watu walirudi, wakaokota mabati yenye yangali mazima, wakayanyoosha na nyundo, wakaezeka.

Basi musituambie kwamba vijana wa huku hawajue kufanya kazi. Tunaijua sana.

Kuna jambo la telefone, tunapenda tulikalie kidogo. Ndani ya kila telefone kuna vipande vidogo sana vya kushika umeme, na vingine vinatengenezwa na tantale. Tantale inatoka ndani ya koltani. Na koltani, munajua kwenye inatoka: Rubaya, pale Masisi, kuna watu wa familia zetu wanachimba na mikono. Inatoka hapa kwa mifuko, inazunguka dunia, inarudi hapa kama telefone mpya yenye mama wa soko hawezi kuuza maharagi ya mwezi muzima na kuinunua. Basi ile yenye inatufikia ni ile mutu wa Ulaya alichoka nayo. Na hapo njo kijana wa ku meza ndogo, mwenye iko na bisibisi tatu, lupe na chuma cha kuyeyusha risasi, anaifungua, anabadilisha kyoo, anasafisha fasi ya kuchajia na muswaki, anairudisha uzima kwa miaka ingine mitatu.

Tunasikia kwamba Ufaransa, tangu Januari 2021, dukani telefone mpya inapaswa kuonyesha alama ya kusema kama inatengenezeka ao haitengenezeke. Kumbe na wao wameanza kutafuta kile chenye yule kijana anafanya kila siku bila diplome. Lakini wakati wao wanamuandikia sheria, huku sisi tunamufukuza. Mara ngapi tumeona meza za mafundi zinapinduliwa asubuhi, bisibisi zinachukuliwa, eti wanachafua muji, kisha mchana mutu anapita kukusanya feza ya taxe kwa meza ile ile yenye ilikatazwa asubuhi? Kama ni haramu, mbona munaitoza? Na kama munaitoza, mbona munaipindua? Hilo swali tumeliandika ndani ya barua, na tutaendelea kuliandika.

Sasa, tuseme kidogo vitu vya nyumbani, juu ba mama walituomba tusiongee siasa tu.

Maharagi: muloweke usiku. Maji ya kuloweka mutupe, mupike na maji mapya. Makala inapunguka sana, na makala kwetu siyo bei tu. Sehemu kubwa ya makala ya muji inatoka ku miti ya Virunga, na ku ile njia kuna watu wanakufa. Mbabula ya udongo ndani, ile yenye inashika joto, inashinda mbabula ya bati tupu. Mwenye hana feza ya kuinunua anaweza kupaka udongo wa mufinyanzi ndani ya ile ya zamani, aache ukauke pole pole kivulini siku nyingi mbele ya kuwasha. Ukiharakisha utapasuka. Tulipasua tatu mbele ya kujifunza.

Bidoni ya njano yenye kutoboka chini, musiitupe. Tunakata upande, tunatia udongo, tunapanda lenga-lenga na vitunguu. Huku ku mawe ya lava hakuna udongo wa kulimia, bidoni njo shamba letu. Yenye kutoboka juu tu, inazibwa na plastiki ya bidoni ingine yenye kuyeyushwa na kisu cha moto. Lakini bidoni yenye ilibebea mafuta ya gari ao dawa ya shamba, hata uioshe mara kumi, isibebe maji ya kunywa. Tunarudilia: isibebe.

Nguo: ile ya chaguwa yenye ni kubwa inapunguzwa, ile yenye kupasuka inashonwa leo, isingoje kesho. Kwa vijana wanaume: sindano haiumi. Tuko na ba kaka hapa wenye wanaweza kufungua injini ya moto muzima lakini kifungo cha shati wanangojea dada yao. Hiyo siyo umasikini, hiyo ni uvivu wenye kuvaa koti la desturi.

Na juu ya hapo tuseme neno, juu linatuuma. Kila mara tunasemaka "familia za Goma zinajipanga", tuangalie ni nani anayejipanga. Maji ikikosa, ni mutoto musichana anayeamuka saa kumi ya usiku kushuka ku ziwa na bidoni mgongoni. Makala ikipanda bei, ni mama anayekula ya mwisho. Kujipanga kunapendeza sana mudomoni mwa mutu asiyebeba bidoni.

Tuingie fasi ngumu.

Mwaka uliopita nyumba ya moja kati yetu iliungua. Ilikuwa nyumba ya mbao, kama zetu zote. Fizible ilikuwa inakatika kila wakati, basi tulifanya kile kila mutu anafanyaka: tuliitoa, tukaweka kipande cha waya wa shaba. Haikukatika tena. Tulifurahi, tulijiona mafundi. Kumbe fizible ilikuwa inakatika juu ilikuwa inatuonya. Waya za ukutani zilikuwa zimechoka, zimeunganishwa na gundi ya plastiki fasi nyingi, na kile kipande cha shaba kiliziacha zipate moto mpaka mbao ikashika. Ilikuwa saa mbili ya usiku. Hakuna gari la kuzima moto lilikuja. Watu wa avenyu walizima na mabeseni, mchanga, na maji ya kupikia. Hakuna aliyekufa, tunamushukuru Mungu. Lakini iliungua mashini ya kushona yenye ilikuwa inalipa masomo ya watoto watatu, na karatasi zao zote za shule.

Tulipoikala chini kisha ule moto, wengine walisema ni kosa la sisi wenyewe. Ndiyo, ni kosa letu, hatujifiche. Tangu siku ile tuko na mambo yenye tulikubaliana kwamba hatuyatengeneze kwa kubahatisha: fizible, frein za moto, chupa ya gazi, na dawa yenye tarehe yake ilipita. Mutu akituletea hiyo tunamuambia hapana, hata akitukasirikia.

Lakini kuna sehemu ya pili ya ule moto, na hiyo siyo kosa letu. Mbona familia yenye inalipa umeme inaingiziwa waya wa kuunganisha-unganisha? Mbona muji wa watu wengi hivi, wa nyumba za mbao zenye kugusana, unazima moto na beseni? Hapo hakuna bisibisi yenye inaweza kusaidia.

Ba papa wanatuambiaka: artikli 15, vijana, mujipange. Wanalicheka lile neno, na sisi tunacheka nao, juu ni neno letu sote. Linahadisiwa kwamba lilianza ndani ya vurugu za miaka ya 1960, na wakati wa Mobutu likakuwa kama sala ya kila siku: serikali haiko, ujipange. Lakini mufungue Katiba yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006. Artikli 15 iko mule, na haisemi mujipange. Inasema wenye mamlaka wanapaswa kuhakikisha kwamba ubakaji na mateso mengine ya kijinsia, yenye kutumiwa kuvunja familia, vinakomeshwa. Mwanamuke wa Kivu asome hiyo mara mbili, kisha atuambie kama wameitimiza.

Mukisha soma hiyo, mugeuze kurasa mpaka artikli 48. Pale inaandikwa kwamba haki ya nyumba yenye heshima, haki ya kupata maji safi ya kunywa na ya kupata umeme, ni haki zenye kulindwa. Neno ni haki. Siyo zawadi, siyo ahadi ya uchaguzi. Muji uko ku mukono wa ziwa Kivu, tunaliona kila asubuhi, na watoto wanakunywa maji ya pale pale kwenye watu wanaoga na kufua, na kipindupindu kinarudi kama jirani mwenye anajua mulango. Wenye kusimama kando ya ziwa na kutia dawa ya klore ndani ya bidoni wanafanya kazi nzuri, tunawaheshimu. Lakini ile nayo ni kiraka.

Kwa hiyo, wakitukumbusha artikli 15, sisi tunawakumbusha artikli 48.

Kisha kuna mambo ya sisi wenyewe ndani ya harakati. Munajua tulipitia jaribu, na wengine mulisikia habari yake kwa njia ya fununu, basi afazali muisikie kwetu.

Megafone yetu ilikuwa imekufa. Wakati ule ule, mutu moja mukubwa wa siasa (jina hatulitaje, juu kesho atakuja mwingine na jina lingine) alitutumia mujumbe. Alikuwa tayari kutupatia mabafle mapya, mikro mbili, na moto ya kutembelea. Hakuomba kitu, eti. Picha moja tu, na tishati zenye rangi yake. Tulibishana siku tatu. Wenye walitaka kukubali hawakuwa watu wabaya. Walisema: tunapiga kelele na mudomo tupu, watu hawatusikie, hii ni chombo tu, tutachukua chombo na hatutachukua mawazo yake. Wenye walikataa walisema: siku tukisimama mbele ya ofisi yake kuuliza maji iko wapi, ataleta ile picha. Tulipiga kura: 11 walikubali, 14 walikataa. Wawili kati ya wale 11 walitoka ndani ya harakati, na tunawakosa mpaka leo, juu walikuwa watu wa kazi.

Tulibaki na megafone yenye kufa. Mufundi moja wa kartie aliifungua mbele yetu. Chuma za kushikia mapile zilikuwa zimekuliwa na kutu, na waya wa mikro ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake. Ile megafone inakula mapile makubwa manane, ya volti moja na nusu kila moja. Mupige hesabu: ni volti 12. Na batri ya moto ni volti ngapi? 12. Basi tulisugua kutu na karatasi ya musasa, tukabadilisha waya, tukatoa waya mbili nje, tukaunganisha na batri ya zamani ya moto yenye haiwezi tena kuwasha injini lakini inaweza bado kubeba sauti. Tuliweka na fizible, safari hii ya kweli. Njo hiyo munaisikia sasa. Inaunguruma kidogo, mutusamehe. Batri inabebwa na kijana ndani ya mufuko wa shule, na polisi walishamuuliza mara mbili kama ni bombe.

Haikututoka bure, tulichanga. Kila mwenye kuchanga aliandikwa ndani ya kaye, na ile kaye iko pale ku meza, mutu yeyote anaweza kuifungua. Kuishi na kidogo, kwetu sisi wa harakati, ni hiyo kwanza: mutu mwenye anatumia kidogo ni vigumu kumununua.

Na ile kaye ilituzalia wazo lingine, na hilo njo tulitaka mutoke nalo leo.

Miezi michache iliyopita tulitengeneza robine ya avenyu yenye ilikuwa inamwaga maji usiku na muchana, na tukafunika shimo la mufereji kwenye mutoto alivunjikia mguu. Watu walitupongeza. Siku chache mbele, tukasikia mutu wa ofisi anasema ku redio kwamba ile avenyu "imetengenezwa". Imetengenezwa na nani? Hapo tuliona kwamba kazi yetu ya bure ilikuwa imegeuka kuwa kazi yake. Wazee wenye waliona salongo ya Mobutu wanajua hii habari: Jumamosi watu wanafagia kwa lazima, Jumatatu kiongozi anapiga picha ku fasi safi.

Basi tulibadilisha namna. Kutengeneza tutaendelea, juu mutoto hawezi kungoja barua ijibiwe mbele ya shimo kufunikwa. Lakini kila kitu cha watu wote chenye tunatengeneza, tunakiandika: ni nini, fasi gani, tarehe gani, vyombo vilituuzia ngapi, watu wangapi walifanya saa ngapi. Tunapiga picha mbele na nyuma. Kisha tunaandika barua, tunapeleka ku ofisi yenye kazi ile ni yake, tunaomba wapige tampo ya kupokea, na kopi tunaibandika pale pale ku robine. Barua inasema: kazi hii ilikuwa yenu, tumeifanya, hii njo bei yake, na munapaswa kutuambia lini mutaifanya vizuri.

Je, inasaidia? Barua ya kwanza hawakuijibu. Ya pili walikataa kupiga tampo, tukaikala pale mpaka saa ya kufunga, wakapiga. Kisha ya tatu, watu wawili walikuja kutazama ule mufereji, wakaupima na kamba, wakaenda. Mpaka leo hawajarudi. Lakini hawajasema tena ku redio kwamba waliutengeneza.

Mwenye anataka kuona hizo barua, ziko ndani ya ile kaye. Sasa tunaomba maulizo. Kisha maulizo tutagawana kazi ya Jumamosi: saa tatu ya asubuhi, ku ngazi ya kushukia ziwani yenye ilibomoka. Mwenye iko na nyundo, kamba, chepe, alete. Mwenye iko na maandishi mazuri, alete bike na karatasi. Tena tunaomba dada wawili wa kusimamia kaye, juu safari iliyopita ba kaka waliandika hesabu vibaya, tulipoteza nusu siku kuitafuta.